Kambi Bila Mzungu

"Mmefukuzwa wapi?"

Chai ilikuwa haijachemka bado walipoulizwa swali hilo. Aliyeuliza alikuwa mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani, akishuka kwenda sokoni Usa, na wenzake nyuma yake walikuwa wamekwisha kutua mizigo ukingoni mwa barabara na kuvaa nyuso za msibani. Waliona lori. Waliona sufuria juu ya mafiga, watoto waliojifunika blanketi, na kikongwe ameketi juu ya gunia. Miaka ile, katika nchi ya Meru, mtu mweusi akipika kando ya barabara na vyombo vyake vyote hakukuwa na haja ya kumwuliza kama amefukuzwa. Uliuliza wapi tu.

"Hatujafukuzwa," alisema Eunike akipuliza moto. "Tunatembea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Kutembea tu, dada. Tunalala kwenye hema, asubuhi tunakwenda mbele, tunalala tena. Watoto waone wanyama."

Wale wanawake wakatazamana. Mwenye ndizi akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, akataka kujua kama nyumba wanayo. Eunike akasema ipo, Daraja Mbili, ya bati, na jirani anaitazama. Wakauliza kama wameiacha kwa hiari yao wenyewe. Akasema ndiyo. Wakauliza kama huyo mume ni mzima. Hapo Anaeli, mume mwenyewe, aliyekuwa chini ya lori akikaza nati, akacheka peke yake gizani, na kicheko hicho kikawathibitishia waliyokuwa wakiyaogopa.

Wakamkatia Eunike chane nzima ya ndizi. Alipokataa, yule mwenye mkungu alimshika mkono. "Chukua, mama. Aibu ni yao, si yenu," alisema, na wakashuka zao wakinong'ona, wakigeuka mara kwa mara kumtazama mwanamke aliyefukuzwa akapoteza hata akili ya kujua.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na neno la kulieleza jambo lile. Wazungu walikuwa nalo, kama walivyokuwa na majina ya starehe nyingi ambazo upande wetu tulizijua kwa kazi zake: mwindo ulikuwa wao, kubeba nyama kwetu, kambi ilikuwa yao, kusimika hema kwetu. Anaeli Sumari alikuwa dereva wa kampuni moja ya kuwinda pale Arusha. Alikuwa amesimika mahema yasiyo na idadi, amechemsha maji ya kuoga, amekunjua viti, amefukuza fisi, na hakuwahi kulala ndani ya hema hata siku moja. Dereva hulala chini ya lori. Kampuni ilipomnyima malipo ya likizo mara ya pili, akaomba badala yake aazimwe lori kuukuu na hema moja kwa juma zima, petroli juu yake. Bwana wake alicheka mpaka akavua miwani. Akamwuliza anataka kuwinda nini. Anaeli akasema anataka kuwaonyesha watoto mgongo wa mlima. Bwana akaona hicho ni kichekesho cha kupeleka kilabuni, akakubali.

Walikuwa wauzunguke mlima: kutoka mjini hadi Kingori, kisha Momela, Ngare Nanyuki, Oldonyo Sambu, na kurudi nyumbani. Watoto walikuwa Lydia, aliyekuwa katika mafundisho ya kipaimara, na mdogo wake Eliasi, ambaye hakuwa katika mafundisho ya kitu chochote. Na Kingori, kabla ya asubuhi ile ya ndizi, walimpitia Koko, yaani bibi yao, mama yake Eunike, yule kikongwe wa juu ya gunia. Hapo safari ndipo ilipopata uzito.

Koko aliishi Kingori kwa sababu Serikali ilimweka Kingori. Kwao kulikuwa juu, Ngare Nanyuki, penye vijito. Huko ndiko alikoolewa, akazaa, akamzika mume. Mwaka wa hamsini na moja wakaja askari, wakatoa vyombo nje, wakachoma nyumba, wakapakia watu kwenye malori, na nchi ikagawiwa walowezi wafuge ng'ombe wa maziwa. Waliposhushwa Kingori waliambiwa kwamba huku nako ni kuzuri, ila tu maji hayapo. Aliyewaambia alikuwa ameshika chupa ya maji.

Basi Koko alipoalikwa kutembea hakukataa. Alimwita Lydia. "Mwambie baba yako nitakuja. Lakini nataka usiku mmoja nilale kwangu. Kwangu kwenyewe, pale pale. Akiniahidi hilo, napanda. Akishindwa, nina kuku wa kulisha."

Alimwambia Lydia kwa kuwa hakuweza kumwambia Anaeli, ingawa Anaeli alikuwa amesimama hatua chache tu, amewapa mgongo. Mkwe na mama mkwe hawasemezani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya dari moja. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Iko njia ya kuifungua, kwa mnyama na siku ya kula pamoja mbele ya ndugu, na Anaeli alikuwa amekwisha kumpata kondoo na kuiweka siku. Ikawa ni siku ile ile yalipokuja malori. Kondoo alipotelea hapo, pamoja na mengine.

Anaeli alifikiri kidogo, uso wake ukiwa upande wa mlima. "Lydia," alisema, kwa sauti ya kumfikia mwenyewe, "mwambie Koko kuku awaachie jirani."

*

Tangu hapo Koko alisafiri nyuma, juu ya turubai la hema lililokunjwa, kwa sababu ndani palikuwa na mkwe. Watu njiani walimlaani Anaeli kwa kumpakia mzee kama gunia. Koko mwenyewe alikuwa amestarehe. Juu kule aliona kila kitu, na aliwaonyesha watoto kila kitu: tembo waliotoka msituni na masikio yao kama milango mibovu, twiga waliosimama barabarani bila kujali honi, na maziwa ya Momela yenye heroe wengi hata Eliasi akadhani mtu amemwaga maua majini. Aliposikia kwamba ni ndege, akataka kujua kama wanaliwa. Koko akamwambia kwamba huo ndio ujinga wa mjini, mtu anaona kitu kizuri mara moja tu, na swali la kwanza ni mchuzi.

Walipofika Ngare Nanyuki, kwenye lango la shamba la mlowezi lililomeza boma la Koko, Eunike alimgeukia mumewe ndani ya lori na kumkumbusha neno moja. Watoto wanasikiliza, na mmoja yuko kipaimara. Hapa pasisemwe uongo.

"Sitasema," Anaeli alisema.

Lango lililindwa na Manase, mtu wa Akheri, mwenye koti la jeshi na rungu alilolitumia zaidi kwa kukunia mgongo. Shamba hilo lilikuwa na mapatano na kampuni ya Anaeli. Wageni wao waliruhusiwa kupiga kambi kijitoni usiku mmoja, na lori lenye jina la kampuni mlangoni lilikuwa limepita hapo mara nyingi, siku zote likitangulia, Mzungu akifuata kwa gari dogo.

"Mzungu yuko wapi?" aliuliza Manase.

"Leo sijamwona," alisema Anaeli.

"Anakuja na gari dogo?"

"Wewe umewahi kumwona Mzungu akipanda hili?"

"Sijawahi."

"Basi."

Manase akatikisa kichwa, akaridhika, akatazama ndani. Akauliza huyu mama ni nani. Anaeli akasema huyu atapika. Na watoto je? Hao wataokota kuni. Manase akazunguka nyuma, akainua macho, akamwona Koko ameketi juu ya turubai na kanga yake ya Jumapili. Akarudi dirishani. Na yule bibi?

"Yule," alisema Anaeli, "ndiye mwenyewe."

Manase alicheka mpaka rungu likamdondoka. Akafungua lango huku akijifuta macho, akawaomba wakumbuke kumwachia tumbaku kidogo Mzungu akifika. Lori lilipopita, Eunike alikuwa ameuma kanga yake kwa meno. Mumewe hakuwa amesema uongo hata mmoja, na yeye hakujua amkaripie kwa lipi.

Walipita malisho yaliyozungushiwa waya, ng'ombe wanene wakiwatazama kwa dharau ya wenye mali. Mara ngumi ya Koko ikagonga bati la juu. Anaeli akakanyaga breki. Mbele yao palikuwa na majani yaliyoliwa mpaka udongo, kijito, na mstari wa masale yaliyosimama kijani kibichi katikati ya malisho, yakizunguka kitu ambacho hakikuwapo. Mwenye shamba aliyaacha kwa kuwa hakujua ni nini. Mmeru yeyote angemwambia kwamba masale hayajipandi yenyewe katika mstari. Hapo palikuwa na boma la mtu.

Koko alishuka bila kushikwa mkono. Akapita pale palipokuwa na mlango, wala hakupita kwingine ingawa kulikuwa wazi pande zote, akasimama katikati. Watoto walingoja alie. Hakulia. Alimwambia Lydia amwambie baba yake hema lielekezwe kwa kijito, maana upepo wa usiku hutoka mlimani, na yule mwanamume aliyejenga nyumba hapa mwanzo alikosea, wakakohoa miaka yote.

*

Anaeli alisimika kambi ile kama anavyowasimikia wageni, kwa sababu hakujua namna nyingine, na kwa sababu nyingine pia. Hakuwa na ruhusa ya kumwambia mama mkwe wake neno, lakini mikono yake haikukatazwa. Akakaza kamba za hema mpaka zikalia. Akakunjua meza, akaitandika kitambaa cheupe, akaweka taa ya chemli katikati na kiti cha turubai kando yake. Akachemsha maji, yakapelekwa na Eunike nyuma ya hema, na Koko akaoga kwa sabuni ya wageni. Alipotoka na kuketi kitini miguu yake haikufika chini, kwa hiyo Lydia akaleta sanduku la soda. Kisha Eunike akaleta loshoro, ndizi na maziwa ya mgando kama inavyotakiwa, na Anaeli akajiondoa akaenda nyuma ya lori, kwa kuwa mama mkwe anakula.

Manase alifika na mzigo wa kuni ambao hakuna aliyemtuma, akijipendekeza kwa Mzungu atakayekuja. Akaona meza. Akaona taa. Akamwona aliyeketi kitini. Akasimama akitazama yale masale, kisha yule bibi, na polepole kofia yake ikashuka kichwani bila yeye kuikumbuka kuishusha.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Akasema ni wa nani. Koko akakumbuka kwamba babu yake Manase alikuwa hajui kuvuna asali bila kuumwa, akamkaribisha aketi. Manase hakuketi. Alikwenda nyuma ya lori akamwambia Anaeli, kwa sauti ya mtu aliyeumwa tumbo, kwamba yeye ameambiwa ni kambi ya Mzungu. Anaeli akamwuliza nani amemwambia. Manase akafikiri. Akakubali kwamba kweli hakuna aliyemwambia. Akabaki hapo hapo, nusu akitaka kukimbia, nusu akiitazama loshoro.

Eliasi naye alikuwa amegundua kofia pana ya wageni iliyosahauliwa ndani ya lori. Akaivaa, ikamfika puani. Akatembea mbele ya hema na fimbo, tumbo mbele, mikono nyuma, kila mtu akicheka, Koko zaidi ya wote. Kisha akapiga fimbo chini na kuita kwa sauti nene: "Boi! Lete chai! Upesi!"

"Ndiyo, Bwana," alijibu Anaeli nyuma ya lori.

Mdomo ulikuwa umejibu wenyewe, kabla akili haijaulizwa. Kicheko kikakatika. Eliasi aliivua kofia na kuitazama kama imemwuma. Eunike akashika kazi ya kusugua sufuria iliyokuwa safi. Ni jambo dogo, hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa, na wenye kuandika juu ya neema za Mwingereza hawataliandika. Sisi tunaandika.

*

Jua lilikuwa likizama nyuma ya mlima gari dogo lilipoonekana. Watoto wa Manase walimwita mwenye shamba lile Bwana Kaptula, kwa sababu hata kanisani aliingia na magoti wazi, lakini jioni hiyo alikuwa amevaa suruali na tai. Alikuwa ameiona taa kutoka kwake. Huko mashambani upweke ulimsumbua, na alifurahi kwamba amepata Mzungu mwenzake wa kuzungumza naye. Kwapani alikuwa na chupa, na mbwa wake alimtangulia akitikisa mkia.

"Jambo!" alisema, akitafuta kwa macho. "Iko wapi bwana yako?"

Koko alikuwa bado na kijiko mkononi. Jibu likatoka nyuma ya lori.

"Hakuna bwana, Bwana. Kambi ni ya mama huyu."

Bwana Kaptula akacheka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya kuliko wenzake. Kisha akaitazama meza, kitambaa, kiti na miguu ya Koko juu ya sanduku la soda, na kicheko kikamwishia mdomoni. Akazunguka lori akamkuta Anaeli amesimama wima, mgongo kwake, mgongo kwa kila mtu.

"Wewe, geuka ukisema na mimi."

"Siwezi, Bwana. Mama anakula."

"Mimi hapana uliza mama anakula! Geuka!"

Anaeli hakugeuka. Bwana Kaptula hakuwahi kuona ujeuri wa namna hiyo, wa mtu anayekunyima uso huku akikuita Bwana. Akamwamuru Manase aseme na yule mama yeye, amwulize anataka nini hapa. Manase, aliyekuwa amejificha nyuma ya mzigo wake wa kuni, akasema kwa masikitiko kwamba naye haiwezekani, maana kwa upande wa shangazi yake yeye pia ni mkwe kidogo.

Kwa hiyo ikabidi iende kwa njia yake. Bwana Kaptula alimwambia mgongo wa Anaeli, Anaeli akaiambia milima, Lydia akachukua akapeleka mezani, na jibu likarudi vivyo hivyo, kila mmoja kwa zamu yake, na mwenye shamba akiwa katikati na chupa yake kwapani, akigeuza kichwa huku na huku.

"Uliza yeye nani ametoa ruhusa kulala hapa."

"Lydia, mwambie Koko, Bwana anauliza ni nani amemruhusu kulala hapa."

Lydia akapeleka. Koko akatafuna, akameza, akafuta mdomo.

"Mwambie baba yako amwambie, niliruhusiwa na mume wangu, siku aliyonileta."

Likarudi. Bwana Kaptula akataka kujua huyo mume iko wapi, aje sasa hivi. Likaenda.

"Mwambie yuko hapo nyuma ya gari lake," alisema Koko. "Na amwambie amkataze mbwa kuchimba."

Lydia alifikisha neno kwa sauti ndogo sana. Anaeli alilisema kwa Kiswahili, taratibu, bila kuongeza kitu. Bwana Kaptula aligeuka, akamwona mbwa wake akiparua udongo chini ya masale. Akampigia mbwa mluzi. Mbwa akaja. Lau angeondoka hapo, tungekuwa na neno zuri la kusema juu yake leo.

Lakini mtu aliyepewa ardhi ya mwenzake haogopi kitu kama kuonyeshwa kaburi. Uso ulimwiva. Akasema shamba ni lake, karatasi anayo, Serikali imempa, yeye hapana leta matata kwa mtu. Akasema yote itoke sasa, hema, moto, mama, watoto. Anaeli akaieleza milima kwamba taa za lori ni mbovu na kwamba njia ya msituni usiku ni ya nyati, Bwana mwenyewe anajua. Bwana akasema basi watembee kwa miguu.

"Mimi najua bwana yako," alisema. "Ijumaa mimi iko kilabu na yeye. Kama hii watu nalala hapa, wewe hapana kazi. Mwisho. Unasikia? Hapana kazi kwake, hapana kazi kwa mtu yote hapa Arusha."

Anaeli alisikia. Kodi ya kichwa ilikuwa ikisikia pia, na ada ya Lydia, na bati lile la Daraja Mbili. Kule mezani Koko aliuliza huyo mtu amesema nini sasa.

Lydia alisimama katikati ya watu wazima akiwa na neno mdomoni kama kaa la moto. "Anasema," akaanza, "anasema usiku kutakuwa na baridi."

"Lydia. Wewe si uko kipaimara?"

Ndipo Lydia akalia, akasema lote.

Koko alikiweka kijiko. Akateremka kwenye kiti, akajinyoosha kanga, akasema jambo ambalo lilimfanya Eunike ajishike mdomo kwa mikono yote miwili.

"Anaeli."

Hakuwahi kulitamka jina hilo tangu harusi.

"Geuka, mwanangu. Shingo itakauka kwa ajili yangu."

Anaeli aligeuka. Wakatazamana kwa mara ya kwanza, mwanamume mwenye mvi za kwanza na kikongwe ambaye mkwe huyo alikuwa amemchemshia maji, amemlisha na kumwendesha siku zote hizo za barabara bila kujua kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi. Koko alikuwa na macho ya Eunike. Alikuwa mfupi kuliko Anaeli alivyodhani.

"Fungasha," Koko alisema. "Nimefika, nimeoga, nimekula kwangu. Watoto wako wanahitaji kazi yako kuliko mimi ninavyohitaji kulala."

"Mama," alisema Anaeli. "Mama, nilikuahidi usiku. Hii ni jioni tu. Sifungashi."

Hayo yote yalisemwa kwa Kimeru, lugha ambayo Bwana Kaptula alikaa juu yake bila kuisikia. Yeye aliona kwa macho yake tu: bibi ameteremka kitini, na dereva jeuri ametii, amegeuka. Akaamini kwamba ni sauti yake mwenyewe iliyomgeuza. Mtu wa namna hiyo akishatiiwa moyo humlainika. Akakumbuka nyati, akawaona watoto, akajiona mwema.

"Vizuri," alisema. "Asubuhi mapema mimi nakuja. Hapana kuona mtu. Hapana kuona moto." Akaingia garini na mbwa wake na chupa yake ambayo haikufunguliwa, akaenda kunywa peke yake.

Taa zake zikapotea. Kisha Manase akapumua, akauliza kama kuna loshoro iliyobaki. Koko akamwambia Anaeli alete sanduku lile la soda aketi mezani, maana mambo yamekwisha kuharibika, na chakula kisiharibike nacho. Anaeli akala mbele yake, kichwa chini kama mtoto, na kila alipoinua macho alikuta anatazamwa na kuongezwa. Lydia alijitupa mkekani akasema koo lake limechoka, kuanzia sasa kila mtu ajisemee mwenyewe.

Wakati wa kulala ulipofika, Koko alitoa hukumu kwamba turubai si dari. Hakuna mzee wa mila aliyeulizwa. Wakalala wote hemani.

*

Kazi Anaeli aliipoteza, tena kabla mwezi haujaisha. Bwana Kaptula alipata muda wa kufikiri, Ijumaa ikafika, kilabuni wakacheka kwanza na kukasirika baadaye. Alirandaranda mji mzima wa Arusha akitafuta usukani, na milango ikafungwa kama alivyoambiwa. Tunaliandika hilo ili mtu asidhani usiku ule ulikuwa wa bure.

Lakini hiyo ni Ijumaa, na sasa ilikuwa alfajiri. Hewa ilikuwa kavu, Kilimanjaro imetoka upande wa pili kama imechongwa. Hema lilikuwa limekunjwa, moto umezimwa, watoto wamepandishwa nyuma na blanketi zao, na injini ilikuwa inanguruma. Koko peke yake hakuwa ndani ya lori. Alikuwa amevunja matawi ya kichakani, akayafunga kwa ukindu, akainama, na alikuwa anafagia uwanja.

Hakufagia kama mtu anayefuta nyayo. Alifagia kama mwanamke afagiavyo kwake kila siku asubuhi kabla wageni hawajafika, kuanzia palipokuwa na mlango, kwa mistari iliyonyooka, akizunguka kaburi kwa uangalifu, akipiga takataka ndogo ndogo kuelekea nje ya masale. Eunike alimwita, mara ya kwanza kwa upole. Koko akasema kwamba kona ya ng'ombe bado.

Gari dogo likaja, likasimama kwenye mstari wa masale. Bwana Kaptula akapiga honi. Vumbi la ufagio lilimfuata Koko polepole, likapita juu ya boneti, likaingia dirishani. Akapiga honi tena. Anaeli alishuka kwenye lori, akatembea mpaka pale, akasimama mbele ya dirisha na kumtazama usoni.

"Ngoja kidogo, Bwana," alisema. "Mama anafagia kwake."